Mbwa kakojolea msala wa mavyaa wangu, nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Naandika nimejifungia chumbani, maana sitaki watoto waone nalia kwa sababu ya mbwa.

Naishi Mikanjuni hapa Tanga na mume wangu, watoto wetu wawili na mavyaa wangu, ambaye alikuja kutoka Pangani baada ya Idi kutibiwa miguu na bado tunaye. Sina neno naye. Tumekaa kwa wema, yeye ananifundisha bokoboko lake, mimi namkanda miguu jioni. Mpaka alipoingia huyu mnyama.

Mwezi wa 9 tuliibiwa baiskeli mbili uani, usiku mmoja, tukabakiwa na moja. Mume wangu anafanya kazi ya zamu, kuna wiki usiku tunabaki wanawake na watoto watupu. Akasema dawa ya wezi ni mbwa. Siku chache baadaye akashuka na basi la Muheza, kikapu mkononi, ndani mtoto wa mbwa wa wiki 7. Alizaliwa kwa rafiki yake mfanyabiashara wa machungwa, kwenye stoo, juu ya magunia. Watoto wakamwita Kamanda. Sasa ana kama miezi miwili na nusu.

Banda tulimwagiza fundi seremala, akachukua elfu thelathini za kutangulizia, na tangu hapo simu yake haipatikani. Kwa hiyo na mvua hizi za vuli Kamanda analala ndani. Na kazi yake ni moja tu, kukojoa. Zulia la sebuleni, nyuma ya kochi, nguo za kufua nikiziweka chini. Sakafu tupu hagusi! Namtoa uani nusu saa nzima, ananusa, anacheza na majani ya mwembe, namrudisha ndani, hata mlango sijafunga tayari ameshakojoa. Mume wangu akirudi kazini anamkimbilia, analala chali na kumkojolea viatu.

Ijumaa iliyopita ndiyo ilikuwa balaa. Mavyaa wangu alitandika msala wake wa ukindu, akaenda kutia udhu. Aliporudi akaukanyaga, umelowa. Hakupiga kelele, Shangazi. Afadhali angepiga. Aliukunja, akatoka nao uani na miguu yake ile mibovu, akachota udongo chini ya mwembe, akauosha mara saba kwa mikono yake. Nilipotaka kumsaidia akasema, "Acha mwanangu, wewe hukukosa." Tangu siku hiyo anaswalia chumbani, mlango kafunga, na amesema likitokea tena anarudi Pangani.

Mume wangu anasema mpige, atajua. Jirani akanifundisha nimsukume pua kwenye mkojo wake. Yote nimefanya, na fagio limefanya kazi. Na kosa lake analijua, kwa sababu nikirudi kutoka sokoni nakuta kainamisha kichwa, mkia katikati ya miguu. Je, ana kisirani na mama yetu? Tumrudishe Muheza, au kuna namna?

Mama wawili, Mikanjuni

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole kubwa zaidi mfikishie mavyaa wako. Mtu anayekwambia "wewe hukukosa" huku anaosha msala wake mara ya tano, huyo si wa kumwachia arudi Pangani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikasimama kwenye neno ambalo wewe umelipitisha kama si kitu: magunia.

Mtoto wa mbwa hazaliwi anajua nje na ndani. Anachojua ni kile miguu yake inachokanyaga wakati anapojisaidia. Katika zile wiki za mwanzo, hadi kufikia ya 8 au 9, ndipo miguu inapojifunza kwamba choo ni kitu cha namna hii. Aliyelelewa kwenye mchanga atatafuta mchanga, wa kwenye majani atatafuta majani. Kamanda kalelewa juu ya gunia: kitu cha kufumwa, kinachonyonya, hakirushi matone miguuni. Sasa tazama nyumba yako kwa macho yake. Zulia, nguo chafu, na msala wa ukindu uliotandikwa vizuri katikati ya sakafu ngumu. Kwake yeye mmemwekea vyoo vitatu. Sakafu hagusi, umeandika mwenyewe. Huyo hana kisirani na mtu, ana mazoea ya stoo ya machungwa.

Basi tumtoe kwa njia ile ile aliyoingilia. Tanga hatujawahi kukosa gunia la katani. Tafuta moja kuukuu, lifutie mkojo wake wa leo alfajiri, usilifue, kalitandike uani kwenye pembe moja, mbali na kamba ya nguo na mahali wanapochezea watoto. Kila akitoka, atoke kwa kamba na apelekwe pale pale. Akikojoa juu ya gunia, mpe kipande cha dagaa. Baada ya siku nne tano likunje libaki nusu, kisha robo, kisha lirushie mchanga juu, mpaka siku moja utakuta anakojoa mchangani na gunia halipo. Na ndani, kwa wiki hizo, zulia likunjwe lisimame ukutani, nguo chafu ziingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Unafundisha huku umeacha mtihani na majibu yake chini? Haiwezekani.

Sasa ile nusu saa ya uani. Hapo wengi wanaumia na kudhani mbwa ni mkaidi. Unamfungulia, unarudi jikoni kuangalia nazi isikatike, yeye yuko peke yake na majani ya mwembe, vipepeo, harufu ya paka wa jirani. Amesahau kilichomtoa. Anarudi ndani, anatulia, kibofu kinamkumbusha. Mtu lazima awe naye. Mfunge kamba fupi, simama kama mlingoti karibu na gunia, usimwimbie wala usicheze naye. Dakika tano, kumi. Akijisaidia, dagaa hapo hapo, kabla hajanyanyua mguu kuondoka, halafu ndipo acheze, maana kama kila akimaliza anarudishwa ndani atajifunza kuchelewesha ili akae nje. Asipojisaidia, mrudishe lakini usimwachie kamba: ifunge kwenye mguu wa meza ya jikoni, karibu na wewe, na baada ya robo saa mtoe tena. Utamwona akianza kuzungukazunguka na pua chini. Hapo usimalize hata kukuna nazi iliyo mkononi, toka naye.

Mara ngapi kwa siku? Nyingi. Watu wa mbwa wana hesabu yao ya kukadiria: miezi ya umri wake, ongeza moja, ndiyo saa anazoweza kujizuia. Wa kwako basi ni saa 3 hivi, tena akiwa ametulia. Akiwa anacheza hata moja haifiki. Zipo nyakati ambazo hazina hesabu: akiamka tu, akimaliza kula (kuanzia dakika tano hadi nusu saa), akimaliza michezo, na kabla ya kulala. Chakula mpe mara 3 au 4 kwa saa zile zile, sahani ikae robo saa kisha iondoke, iwe imeisha au haijaisha. Anayedonoa ugali mchana kutwa, na choo chake ni mchana kutwa. Maji usimnyime kwa joto letu hili, ila baada ya chakula cha usiku bakuli liinuliwe.

Saa ya kuamka mnayo, tena haihitaji betri. Adhana ya alfajiri ikilia, mtu mmoja atoke na Kamanda kabla ya jambo lolote. Na usiku wa manane mara moja, kwa wiki chache tu.

Mtu huyo ni nani? Nimetafuta kwenye barua yako yote sijaona mahali ambapo mume wako ameshika kamba. Mbwa kaleta yeye, fundi kamlipa yeye, usemi wa "mpige" ni wake, mkojo ni wako. Hapana. Wiki ambazo yuko nyumbani usiku, alfajiri na manane ni zamu yake, na zamu yeye anaijua vizuri. Mkubwa kati ya watoto, kama amefika miaka tisa kumi, apewe ile ya akitoka shule. Zilizobaki fanya wewe. Mwambie nimesema mimi, wewe usigombane.

Kuhusu fagio na pua, acha leo. Umetumia muda huo wote, kuna kilichobadilika? Mbwa anaunganisha adhabu na kinachotokea sekunde ile ile, si kilichotokea ulipokuwa sokoni. Anachojifunza ukimsukuma pua ni kwamba binadamu na mkojo vikikutana mahali pamoja kuna kipigo, ndiyo maana sasa anakwenda nyuma ya kochi. Na hata uani anaweza kuogopa kukojoa mbele yako! Umemfundisha kujificha, bila kukusudia.

Na ile sura ya kujua kosa, mwanangu, imewadanganya wengi. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, aliwajaribu mbwa 14. Wenyewe waliwakataza kula kitu, wakatoka chumbani, wakirudi wengine wanaambiwa mbwa wako kala, kumbe hakula. Sura ya hatia ilifuata karipio la mwenye mbwa. Kula au kutokula hakukuleta tofauti. Kamanda haonyeshi toba, anaonyesha kwamba ameona uso wako mlangoni.

Ukimkuta katikati ya tendo, piga kofi moja la mikono, "Aa!", mbebe mpeleke kwenye gunia amalizie hapo, kisha dagaa. Ukikuta ameshamaliza, futa unyamaze. Ni vigumu, najua. Mimi niliwahi kufuga mbwa Chumbageni aliyekuwa anapenda kukojolea kanga za jirani zilizoanikwa kwenye majani, na sikuweza kunyamaza hata siku moja, na alichukua karibu mwaka kuacha.

Viatu vya mume wako ni habari nyingine kabisa, usiichanganye na hii. Mtoto wa mbwa anayelala chali na kuachia mkojo mbele ya mkubwa anasema kwa lugha yao: mimi ni mdogo, usinidhuru. Ni salamu, tena ya heshima. Akipigiwa kelele anaona hajanyenyekea vya kutosha, anaongeza mkojo. Baba Kamanda akifika asimwinamie kwa juu. Apite kana kwamba hajamwona, dakika mbili tatu, kisha achutame pembeni, amkune kifuani badala ya kichwani, na salamu zifanyike uani. Wengi huacha wenyewe wakikua.

Kufuta nako kuna namna. Sabuni ya kunukia inadanganya pua yako, ya kwake haidanganyi, na pua ikisema hapa ni chooni, miguu inafuata. Nyonya kwanza kwa tambara kavu bila kusugua, osha kwa maji na sabuni, kisha siki na maji nusu kwa nusu, acha ikauke yenyewe. Vitu vyenye harufu ya amonia usitumie, kwa mbwa zinafanana na mkojo. Na dawa ya kloro usiimwage juu ya mkojo mbichi wala usiichanganye na siki: hutoa hewa ya sumu, na nyumba yako ina mtu mzima na watoto. Zulia lianikwe jua la mchana. Msala ule wa ukindu, hata uoshwe vipi, kwenye msuko harufu itabaki kwa pua ya mbwa. Mume wako akanunue mpya, ampelekee mama yake kwa mikono miwili, na kila ukimaliza kutumika ukunjwe utundikwe kwenye msumari.

Nimefika kwa mavyaa wako. Hakufanya vitimbi alipochota udongo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, najisi ya mbwa ni nzito, huoshwa mara 7 na mojawapo kwa udongo. Kwake yeye ule haukuwa uchafu wa kufuta tu, ulikuwa swala yake ya Ijumaa. Mbwa wa ulinzi na mipaka yake ndani ya nyumba ni swali la shekhe wenu, nendeni mkaulize, na akae hapo mama asikie jibu kwa masikio yake. Mimi nashughulikia mkojo.

Ila neno moja naliweza kusema: huyo ni mbwa wa uani, na sebule haimhusu. Anzeni leo. Weka ubao mlangoni kati ya jikoni na ukumbi, kimo cha goti kinatosha kwa sasa. Usiku alale jikoni karibu na mlango wa nyuma, ndani ya boksi la mbao lenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Likiwa kubwa atafanya chumba upande mmoja na choo upande wa pili. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, hivyo usiku atalia akibanwa, na kilio hicho kiitikiwe: kamba, gunia, rudi, kimya, bila mchezo. Usimfungie humo mchana kutwa, atalazimika kujichafulia na mkishafika huko kumrudisha ni kazi. Kuna wanaotandika magazeti ndani, sipendi, unamfundisha mara mbili: kwanza ndani, halafu uanze upya nje.

Mvua isiwe kisingizio. Atatoa pua mlangoni, ahisi matone, ageuke. Chukua mwavuli, mtangulie. Gunia likivutwa chini ya ukingo wa paa wakati wa vuli si dhambi.

Kabla ya yote hayo, apelekwe kwa bwana mifugo. Akikojoa matone matone kila baada ya dakika chache, au mkojo una damu, huo ni ugonjwa na dagaa hawatausaidia. Akitapika na kuharisha damu, mbio siku hiyo hiyo, umri wake ndio wa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Dawa ya minyoo anaihitaji sasa, na chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi 3, isipite. Kinyesi kiokotwe kila siku kizikwe, usiache mchangani: mayai ya minyoo ya safura ya mbwa hutoka na kinyesi, viluwiluwi vyake huingia kwenye nyayo za watoto wanaokwenda peku na kuchora mistari myekundu inayotambaa chini ya ngozi na kuwasha kweli kweli.

Itachukua muda gani? Wiki mbili utaona mabadiliko kama hakuna anayeruka zamu. Kutulia kabisa ni miezi minne hadi sita ya umri, wengine zaidi. Atakosea siku mtakapokuwa na wageni, hiyo nakuhakikishia. Kumrudisha Muheza sasa, kwenye magunia yale yale, sioni inamsaidia nani. Lakini kama mama atasema hawezi kabisa hata mbwa akiwa uani, hapo mtu ni mkubwa kuliko mbwa, mtafutieni mwenye shamba.

Fundi msahau. Mwombe muuza samaki au duka la vinywaji mbao za makreti mabovu, mume wako ana mikono: sakafu ya banda iinuke kidogo kutoka ardhini maji yasipite, paa liteleze nyuma, mlango utazame jikoni. Jumamosi moja linatosha. Na baiskeli iliyobaki ilale ndani na mnyororo, maana kwa miezi kadhaa ijayo mwizi akiruka ukuta wenu, Kamanda atamlalia chali.